Vitabu Visivyovunja Kafyu

Firimbi ya kafyu ilipulizwa saa kumi na mbili jioni, Warigia akiwa bado anakoroga uji. Aliupakua, kikombe kimoja tu, akafunga mlango na kumwambia binti yake Wamboi apande kitandani. Muda si mrefu Muigai wa homgadi, wale walinzi wa serikali, aligonga mlango kwa kitako cha bunduki.

"Wangapi humu?"

"Wawili," Warigia akajibu.

Zamani walikuwa watatu, lakini hiyo ilikuwa Ruiru, kwenye laini za vibarua wa shamba la kahawa, kabla mumewe Macharia hajapakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine na kupelekwa kusikojulikana. Baada ya hapo mama na mtoto waliletwa Kiganjo, kwenye kijiji kipya chenye handaki kukizunguka pande zote na lango moja tu. Nyumba zilijengwa zikipeana migongo, hata majirani walisahau sura za wenzao.

Shida ilikuwa Wamboi. Giza likiingia, analia. Hakuwa mtoto wa kudeka. Mchana angeweza kukanyaga mwiba asiseme kitu. Ila jioni alilia kwa sauti iliyovuka handaki. Na mkubwa wa posti, kituo cha homgadi, aliamua kwamba kilio cha namna ile ni ishara kwa watu wa msituni, kwa hiyo Muigai akatumwa kuleta habari.

"Mama Wamboi, mimi nakujua," alisema, akitazama chini. "Lakini huyu akilia tena, wewe utalala posti na yeye abaki hapa peke yake. Si mimi nimesema."

Wanawake waliolala posti walirudi wakitembea polepole na hawakutaka kuulizwa. Warigia aliwaona kisimani.

Jumamosi alipata pasi ya kwenda Thika, akaingia dukani kwa Mhindi Dhanji kununua chumvi. Mkewe Dhanji, Dayaben, ndiye aliyekuwa kaunta. Aliyaona macho ya Warigia yalivyovimba, akauliza kuna nini, akaambiwa.

"Mtoto yako nasoma kitabu kabla ya lala?" Dayaben akauliza. "Mtoto yangu Prabha bila kitabu hapana lala kabisa."

Akashusha vitabu vya picha kutoka rafu ya juu, akavipanga kaunta kati ya sabuni na nyuzi. Warigia alifundishwa kusoma na wamisheni, akavipitia bila haraka. Alitafuta kitabu ambacho ndani yake hakuna anayelia, hakuna anayepotea na hakuna mwenye bunduki. Jaribu kukitafuta uone. Mwishowe alichukua cha bata bukini aliyevaa aproni, akienda sokoni na kikapu chake.

Jioni, baada ya firimbi, aliwasha koroboi, akakifungua juu ya blanketi. Barabara ilikuwepo. Soko lilikuwepo, kabichi zimepangwa vizuri. Bata bukini hakuwepo. Warigia alifunua kurasa zote na hakumwona hata kwenye jalada. Bata alikuwa ametii kafyu kama watu wengine wote, akaenda kwao. Wamboi alianza kulia, na mama yake akamfunika kichwa kwa leso mpaka kilio kikaishia kifuani mwake.

Asubuhi bata alikuwa amerudi kitabuni, aproni yake ina matope, kikapu hana. Usiniulize alipita wapi. Kijiji kile kilikuwa na lango moja. Warigia alipoenda kuchota maji alikiona kile kikapu langoni, kidogo kama ukucha, kimetundikwa kwenye msumari pamoja na mapanga na vibuyu walivyonyang'anywa watu. Hakukiomba. Hata wenye mapanga hawakuwa wameomba.

Jumamosi iliyofuata alikirudisha kitabu. Dayaben alikikagua ukurasa kwa ukurasa, kama anavyokagua kitambaa kilichorudishwa.

"Kikapu iko wapi?"

"Langoni."

Dayaben alisema atakisoma mwenyewe nyumbani aone kasoro iko wapi, akampa Warigia kingine, cha garimoshi, akitumaini kwamba abiria walioketi ndani ya garimoshi hawana haja ya kwenda popote. Jioni hiyo garimoshi lilikutwa limesimama stesheni, milango wazi, moshi bado unatoka, na abiria wote wameondoka. Mmoja aliacha mwavuli. Wamboi alilia tena, na safari hii leso haikutosha. Warigia alimkumbatia na kumbana mdomo kwa kiganja, akamsikia Muigai akisimama nje ya mlango, kisha akamsikia akiondoka taratibu. Alijua mara ya pili hataondoka hivyo.

"Yule bata kwangu hapana kwenda," Dayaben akasema walipoonana tena. "Sisi nasoma, Prabha nalala, mimi nazima taa, yeye iko tu. Anatuangalia."

"Kwenu hakuna kafyu," Warigia akasema.

"Hapana," Dayaben akakubali. Aliona haya, akanyoosha kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimenyooka. Halafu akaingia chumba cha nyuma, akatoka na kitabu chembamba kilichotumika nusu. "Hii si ya kulala. Hii ya masomo, ya Prabha, yeye sasa kubwa, hapana taka tena. Mtoto naunganisha nukta, moja, mbili, tatu, mpaka picha natokea. Pengine nachoka, nalala."

Firimbi ilipolia jioni hiyo, Warigia alikifungua bila matumaini yoyote. Nukta zote zilikuwepo, kila moja na namba yake. Hakuna iliyokuwa imekimbia. Wamboi akashika penseli, akaunganisha taratibu, ulimi nje, mpaka mbuzi akatokea. Mstari wa mwisho ulipofika kwenye nukta ya kwanza, mbuzi alijitingisha, akautazama mlango, akaruka chini na kupenya kwenye upenyo wa chini. Ukurasa ukabaki mweupe.

Midomo ya Wamboi ilianza kucheza. Warigia aliinua leso. Lakini mtoto alifunua ukurasa mwingine mwenyewe, akaanza tena, moja, mbili, tatu, na alipobakiza mstari mmoja tu akaweka penseli chini.

"Huyu simmalizi, maitu," akamwambia mama yake.

Alikuwa mwanamume ameketi kwenye kigoda, kofia juu ya goti, mguu mmoja mbele kama mtu anayengojea chai. Macharia alikuwa akiketi hivyo hivyo. Yule wa kitabuni akapumua. Warigia aliijua pumzi ile, ya kuvuta kidogo puani kisha kuiachia yote kwa pamoja. Kwa furaha akakaa chini sakafuni. Mtu yule hakuondoka. Wamboi aliegemeza kichwa karibu na ukurasa, akalala bila kulia.

Kimya kile kilimtia Muigai wasiwasi. Aliingia na tochi, akamulika kitanda, halafu kitabu.

"Huyu nani?"

"Bado hajaisha," Warigia akasema.

"Ana pasi?"

"Pasi ya nini, na hajaisha?"

Muigai aliinama, akagusa kwa kidole pale mstari ulipokosekana. Amri aliyopewa ilihusu watu, na juu ya mtu ambaye hajaisha haikusema kitu.

"Akiisha utaniambia."

"Nitakuambia."

Akatoka, akauvuta mlango polepole asije akamwamsha mtoto. Warigia alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Ruiru.

Tangu hapo posti haikumtaja tena Wamboi. Mvua zilikuja, zikaisha. Bata bukini alinunuliwa na familia moja ya pale madukani Thika, na mtoto wao huwa anauliza huyu anaenda sokoni na nini. Kikapu bado kipo langoni, msumari umeanza kushika kutu. Lori lililomchukua Macharia limepita Kiganjo mara nyingi likiwa na watu wengine, na halijawahi kurudisha mtu.

Jioni firimbi inalia, na kitako cha bunduki kinagonga.

"Wangapi humu?"

Warigia anageuka kutazama kitandani. Wamboi amelala, mkono wake juu ya ukurasa, na mwenye kofia anapumua kando yake.

"Wawili."

Nje, Muigai anasogea karibu na mlango.

"Na yule?"

"Bado."

"Haya. Wawili," Muigai anasema, na kwenda mlango wa pili.