Chui wa Herman

Herman alikuwa dereva wa kupeleka watalii mbugani Mikumi. Mvua za mwezi wa nne zilipowapunguza wageni, alikaa na simu mpaka akashawishika kwamba roboti inaweza kumfanyia biashara ya sarafu za mtandaoni huku yeye akila. Roboti yenyewe haina mikono wala miguu. Ni programu tu: unaiunganisha na akaunti yako kwenye soko la sarafu hizo, unaipa masharti, nayo inanunua bei ikishuka na kuuza ikipanda, usiku na mchana, bila kudai chai.

Akapanda basi kwenda Kilosa kwa dada yake Hildegarda, mwalimu wa kompyuta, mwanamke anayesoma maelezo ya kwenye pakiti ya sabuni hadi mwisho. Herman akamwamkia, akala wali, kisha akaeleza shida yake. Alitegemea kukatazwa. Badala yake dada alivaa miwani, na hilo likamtia hofu zaidi.

Siku ile hawakununua chochote. Dada alimwekea akaunti namba ya siri ya pili, ile inayobadilika kila nusu dakika. Kisha akatengeneza ufunguo, mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao roboti huutumia kuingia kwenye akaunti. Ufunguo huo unaweza kupewa ruhusa tatu: kuangalia, kununua na kuuza, na kutoa pesa. Hildegarda aliweka tiki mbili tu.

Herman akauliza mbona ile ya kutoa imeachwa.

"Mpishi unampa ufunguo wa jikoni," dada alisema. "Wa kabati la chumbani ni wa nini?"

Akaufunga pia ufunguo ule usikubalike popote isipokuwa kwenye kompyuta moja ya kukodi, ambako roboti ingekaa. Mwisho akamwambia ataiendesha kwa pesa za mfano miezi miwili, zisizonunua hata karanga.

Herman aliona amedharauliwa, ila alitii. Roboti akaiita Chui. Siku ya tano akaondoa kikomo cha hasara, sharti linaloisimamisha roboti hasara ikizidi, kwa kuwa chui hafungwi kamba, na siku ya tisa Chui alikuwa amemaliza pesa zote za mfano. Herman akakosa hamu ya kula kwa ajili ya pesa ambazo hazikuwahi kuwepo. Hildegarda alimtumia ujumbe wa pole, kama wa msibani, kisha akamwambia aanze upya na kikomo akirudishe.

Mwezi wa saba ndipo alipoweka pesa za kweli, kiasi ambacho kikipotea atanuna wiki moja tu. Chui akaenda vizuri, polepole. Upole huo ndio uliomkera Herman. Kwenye kundi moja la simu kulikuwa na mtu aliyejiita Profesa Kelvin, aliyeahidi kuipa roboti ya yeyote nguvu mara tatu. Alichotaka ni kutumiwa ufunguo tu. Herman alijua kabisa kwamba hatakiwi kuutoa. Aliutuma Jumatano asubuhi, akiwasubiri wageni wake, mzee na mkewe kutoka Dodoma.

Wakiwa katikati ya mbuga, Profesa akaandika kwa hasira kwamba ametumiwa ufunguo mbovu, hauingii wala hautoi. Herman alikuwa ameshaanza kuandika samahani pale barua pepe ya soko ilipoingia: kuna mtu amejaribu kutumia ufunguo wake kutoka mahali pasipojulikana, akakataliwa. Akasimamisha gari, akampigia dada.

Hildegarda hakugomba. Aliuliza kama roboti imezimwa, kisha akamwongoza kuufuta ufunguo hatua kwa hatua.

"Chui amesimama, dada," Herman alisema kwa sauti ya chini. "Hana pa kwenda."

Nyuma yake mzee na mkewe waliinuka taratibu, wakatoa darubini, wakaikagua kila nyasi kwa nusu saa. Herman hakupata moyo wa kuwaeleza.

Jumapili alikwenda Kilosa kukiri yote, hata ile samahani aliyokaribia kumwomba mwizi. Hildegarda alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanyoosha kidole juu. Sebule haikuwa na dari. Mabati yalionekana wazi.

"Ile ndiyo dari yangu," alisema. "Mwaka juzi nilimpa mtu ufunguo wenye tiki zote tatu, akaondoka na pesa za mbao. Shemeji yako mpaka leo anajua ni bei tu iliyopanda."

Herman alitazama mabati, akashindwa kujua kama inafaa kucheka. Dada ndiye aliyeanza tena, naye akamfuata. Walipotulia, wakatengeneza ufunguo mpya, wenye tiki mbili. Herman akajitoa kwenye lile kundi mbele yake, akapewa chai.