Mdomo wa Eivind

Barua ya Oddrun ilifika Jumanne, mwezi wa nne tangu wamzike Eivind. Gunnvor aliifungua jikoni akiwa amesimama, koti bado mwilini. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa maneno mengi hata kwenye karatasi.

"DVD imefika. Nimemwona mwanangu, amekonda. Lakini mdomo wake umekuwa uji, siokoti hata neno moja. Tengeneza upya. Kahawa ya hapa ni mbaya kama kawaida."

Gunnvor alivuta kiti akakaa.

Oddrun alikuwa kiziwi tangu Eivind akiwa na miaka sita. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai, ikachukua masikio. Lugha ya alama hakujifunza; kisiwani Leka angeongea nayo na nani? Alijifunza kusoma midomo ya watu. Na Eivind, mwanawe wa pekee, akakua akijua kwamba ukiongea na mama unakaa mbele yake, penye mwanga, na humung'unyi maneno. Ndiyo maana saratani ya koo ilipompokonya sauti akiwa na miaka hamsini na moja, ni mtu mmoja tu duniani ambaye hakupungukiwa na kitu. Wengine wote, mkewe Gunnvor akiwemo, aliwaandikia kwenye kibao cheupe.

Wiki tatu kabla ya kufa, safari ya gari na feri hadi kwa mama yake ikiwa imeshamshinda, aliandika: "Halvard alete kamera. Nataka kuongea na mama." Halvard, rafiki yake tangu shule, alikuwa mpiga video za harusi mjini Namsos, na kamera yake mpya ilitoa picha safi hadi wapambe wa harusi walikuwa wakimlalamikia kwamba inaonyesha makunyanzi. Aliisimamisha juu ya meza ya jikoni, akaiwasha, akatoka nje kuvuta sigara. Eivind akaongea dakika kumi na moja bila sauti. Nyuma yake, kwenye sinki, Gunnvor alikuwa anaosha vyombo.

Gunnvor hakuitazama ile video mpaka baada ya mazishi. Hakuelewa kitu, isipokuwa jambo moja. Dakika ya tisa Eivind aligeuza kichwa, akamtazama yeye mgongoni, akasema kitu kifupi, akangoja. Maji yalikuwa yanamwagika bombani. Gunnvor hakugeuka. Eivind akarudi kuitazama kamera, akaendelea na mama yake.

Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu la kumuuliza Oddrun, na Oddrun sasa anasema mdomo ni uji. Akampigia simu Halvard.

"Kwani kwenye hiyo diski uliweka nini?" Halvard aliuliza.

"Kila ulichotupigia. Krismasi, siku ya kuvua samaki, siku yake ya kutimiza hamsini. Na hiyo ya jikoni."

"Jumla saa ngapi?"

"Saa tatu na kitu."

"Basi. Umepakia harusi nzima kwenye Volvo yangu, halafu unashangaa bibi harusi ameshuka gauni limekunjamana."

"Halvard, leo sina nguvu ya utani."

"Najua, dada yangu. Nisamehe. Nije nikufanyie?"

"Hapana. Nielekeze, nitafanya mwenyewe."

Hakutaka jicho la mtu mwingine lipite kwenye ule mdomo. Tena alikuwa mchora ramani wa wilaya, kompyuta haikumtisha.

Halvard akamweleza polepole. Picha ya kamera ilikuwa na vitone karibu elfu mbili kwa upana, na DVD inabeba mia saba na ishirini tu. "Vingi lazima vitupwe," alisema. "Suala ni nani anachagua vya kutupa, wewe au mashine. Safari ya kwanza uliiachia mashine."

Kwa siku tisa, kila akitoka kazini, Gunnvor alivua koti, akachemsha kahawa, akakaa mbele ya Eivind. Kwanza aliondoa Krismasi na samaki, akabakiza zile dakika kumi na moja peke yake, ili kila sekunde ipate nafasi ya kutosha. Kisha, kwa kuwa picha ya asili ilikuwa kubwa kuliko DVD inavyohitaji, aliikata pembeni, akaacha uso tu ujaze runinga. Meza ikatoka, dirisha likatoka, na sinki pamoja na mwanamke aliyesimama pale vikatoka.

Diski ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kila Eivind alipofungua mdomo, midomo ilichanika mistari mistari kama meno ya kitana.

"Kamera inapiga kila picha kwa nusu mbili, mstari huu na mstari ule," Halvard alisema kwenye simu. "Ziunganishe kwanza ndipo upunguze ukubwa. Ukianza kupunguza, unazisaga pamoja."

Akaziunganisha. Yakaja mambo ya chengachenga. Jikoni siku ile kulikuwa na giza kidogo, na ukuta wote ulikuwa unacheza vitone vidogo vidogo. Mashine ilipoteza nguvu zake kuchora vumbi la ukuta, midomo ikaambulia vijisanduku. Alizisafisha. Akazidisha, Eivind akawa mtu wa nta, ukingo wa midomo ukayeyuka. Akarudi nyuma, akasafisha kidogo tu. Akaiamuru programu iipitie video mara mbili, mara ya kwanza kuangalia wapi pana mwendo, ya pili ndipo iandike. Na hakuijaza diski mpaka mwisho, maana Halvard alimwonya kwamba deki za zamani hukwama zikilishwa kupita kiasi.

Kila diski aliijaribu kwenye runinga kuukuu iliyokuwa kwenye chumba cha chini. Kipimo chake kilikuwa neno la kwanza kabisa, ambalo yeyote angelibahatisha: mama. Midomo inakutana, inaachana, inakutana tena. Siku ya tisa, akiwa amekaa mbali kwenye kochi, aliiona ikikutana mara mbili, wazi kabisa. Ikamjia kwamba katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kuutazama mdomo wa mumewe kwa siku tisa mfululizo. Sauti ilikuwepo, basi macho yakawa na kazi nyingine.

Ile dakika ya tisa aliifanyia kazi peke yake. Uso unaogeuka huacha ukungu, kwa hiyo aliipa nafasi kuliko sehemu zote, na akausogeza mkato ili umfuate Eivind anavyogeuka.

Jumamosi akavuka na feri. Oddrun alikuwa amejiandaa kwenye chumba chake katika nyumba ya wazee, nywele zimechanwa, sahani ya vitumbua bapa na jibini la kahawia mezani.

"Umekonda na wewe," alisema kwa ile sauti yake kubwa isiyopanda wala kushuka. "Kaa, ule. Halafu unionyeshe."

Gunnvor akaingiza diski. Eivind akatokea. Oddrun aliinama mbele, na baada ya muda midomo yake mwenyewe ikaanza kucheza, ikifuata ya mwanawe. Mahali fulani alicheka, akapiga goti. "Anasema bado hajanisamehe ile sweta ya kijani." Kisha machozi yakamtoka, hakuyafuta ili asizibe macho.

Dakika ya tisa ilipopita Gunnvor alisimamisha kwa rimoti. Akakaa mbele ya mama mkwe wake, penye mwanga.

"Hapo amesema nini?"

"Rudisha." Akarudisha. "Anamtazama nani?"

"Mimi. Nilikuwa kwenye sinki."

"Rudisha tena."

Wakarudia mara nne. Mwishowe Oddrun akamshika mkono.

"Mwanangu, picha ni safi. Naona mpaka ndevu alizosahau kunyoa. Lakini mdomo ameuelekeza kwako. Mimi naona shavu."

"Shavu halisemi chochote?"

"Nitazame." Oddrun aligeukia dirishani, na bila kutoa sauti shavu lake likacheza. Likacheza tena. Likacheza mara ya tatu. "Nimesema vitu vitatu. Niambie."

"Sijui."

"Kimoja nakupenda. Kimoja nisamehe. Kimoja funga bomba." Akamgeukia. "Hata angekuwa amekaa hapa tulipo, ningemwambia geuka nikuone."

Gunnvor aliitikia kwa kichwa.

"Nilitaka kukudanganya," Oddrun alisema. "Ungejua tu."

"Ningejua." Akaiweka rimoti mezani. "Mahali pengine hakunitaja?"

"Mara moja, mwanzoni. Alisema ataongea harakaharaka kabla hujamaliza vyombo. Ukigeuka ukamkuta analia, utaanza na wewe, na hana mikono ya kutosha kufuta machozi ya watu wawili."

Walikula vitumbua vilivyokuwa vimeshapoa. Gunnvor alimwonyesha mhudumu wa zamu jinsi ya kuiwasha deki, akambusu Oddrun, akaondoka.

Feri ilikuwa imeshaondoka. Alizima injini, akakaa kwenye gari peke yake mbele ya maji. Kwenye mazishi hakulia. Kulikuwa na wageni, kulikuwa na kahawa ya kumimina. Sasa hakukuwa na cha kufanya kwa saa nzima. "Umesema nini, Eivind?" aliuliza kwa sauti, na alipojisikia akiuliza, kilio kikamshika, kikamtikisa mpaka kichwa kikagonga usukani.

Feri ilipofika, mfanyakazi aligonga kioo kwa vidole.

"Dada, unapanda au unabaki?"

"Napanda," alisema, lakini macho yalimjaa na ufunguo hakuuona. Yule mtu akawapungia wa nyuma wapite kwanza, akasimama pale kando ya gari kwenye upepo, akimsubiri.