Kufuli la Wote

Kidawa alirudi kutoka Italia mwaka sabini na tisa na kufuli jekundu mkononi, ufunguo wake ukining'inia shingoni kwa uzi, na tangu siku ile roho yangu haikutulia. Watu wa kiwandani walimzunguka getini, kila mmoja akitaka kumpa mkono. Yeye alinitafuta kwa macho, akaja mpaka niliposimama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba, meno yamebana.

Mwalimu wake kweli nilikuwa. Mimi, Hasani Likwata, mtu wa Mchinga, ndiye niliyemfundisha kumenya waya bila kuujeruhi. Nilikuwa Fundi Mkuu wa umeme katika kiwanda chetu cha korosho, pembeni ya Mitwero, na umeme wenyewe nilifundishwa na mzee Lalji kwenye mashamba ya mkonge, enzi za mkoloni, kwa maneno machache na makofi mengi. Barua ya kwenda kusoma Ulaya ilipofika, nilijua ni yangu. Nikaisoma: asiyezidi miaka thelathini. Mimi nilikuwa na arobaini na saba. Nikampendekeza Kidawa kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiomba kimoyomoyo ashindwe mtihani.

Hakushindwa.

Kabla hajarudi, mashine zetu ziliongozwa na kabati langu. Lilikuwa kabati la chuma, refu kuliko mtu, na ndani yake swichi za sumaku sitini zilizofunga na kufungua mchana kutwa, ta-ta-ta-ta. Ningeweza kukaa nje na kikombe cha chai nikasema, "Ya ishirini na tatu imechoka." Wakienda kufungua, ni ya ishirini na tatu. Watu waliniita Sikio, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyopenda mshahara.

Kidawa alikuja na kisanduku cha kijivu kisichozidi mkoba wa mwalimu wa shule. Ukikiandikia amri kwa kubonyeza vitufe, kinazishika: mkanda uanze, pipa la mvuke lifuate, mashine ya kubangulia, yenye visu vya kupasulia maganda, ije mwisho. Ukitaka kubadili mpango huhamishi waya hata mmoja, unabonyeza tena. Kabati langu likang'olewa, likapelekwa stoo. Kisanduku kile hakikutoa sauti yoyote. Mimi Sikio nikawa sina cha kusikiliza.

Siku moja nilimwuliza mbele ya mafundi wote, nikitaka aumbuke, umeme mkubwa wa mota utazuiwaje usiingie humo ukakiunguza.

"Havikutani, mwalimu," alisema kwa upole. "Upande mmoja kuna taa ndogo sana. Ikiwaka, upande wa pili kuna kama jicho, linaiona. Amri inavuka kwa mwanga. Umeme wa huku unabaki huku, wa kule unabaki kule."

Lilikuwa jibu zuri, na liliniuma kwa uzuri wake. Nyumbani nilimsimulia mke wangu Biasha nikidhani atacheka nami. Alikuwa akipepeta mchele, hata hakuinua uso.

"Kama mimi na wewe siku hizi, Baba Sikina," alisema. "Nakuona tu unawaka."

Tena kulikuwa na yale makufuli. Kidawa alikuwa amebana posho yake kule akatununulia mafundi wote, kila mtu rangi yake, kila kufuli na ufunguo mmoja tu. Alisema kubonyeza kitufe cha kusimamisha si kukata umeme, kwa kuwa kisanduku kinaweza kuiamsha mashine wakati wowote. Kwa hiyo kabla ya kuingia ndani ya mashine, ushushe mkono wa swichi kuu ukutani, utie kufuli lako, na ufunguo uwe nawe mpaka utoke. Langu lilikuwa la kijani. Nililipeleka nyumbani nikafungia banda la kuku.

Ulipofika mkutano wa wafanyakazi, nilisimama. Najua kusema nikichokozwa na kijicho.

"Ndugu Mwenyekiti," nilimwambia Tawakali, mwenyekiti wa tawi letu, "mashamba tunalima pamoja, duka ni la ushirika, na kiwanda hiki ni mali ya umma. Imekuwaje swichi ya umma ifungwe na kufuli la mtu binafsi? Kila mtu na lake, kila mtu na ufunguo wake. Huo ni ujamaa gani?"

Walipiga makofi mpaka nikaona haya kidogo. Tawakali alipendezwa kuliko wote. Tukaazimia kwamba kutakuwa na kufuli moja la wote, na kwa kuwa ni la wote, lisiwe na ufunguo mmoja: mmoja ukae kwa Fundi Mkuu, wa pili kwa Salumu, msimamizi wa zamu. Makufuli ya rangi yakapigwa marufuku.

Kidawa aliomba kusema neno moja. "Kiwanda ni cha wote, sikatai. Lakini anayeingia kwenye visu ni mmoja."

Nikaguna kwa nguvu ili nisikike, na wengine wakacheka. Usiku ule nililala vizuri, mara ya kwanza baada ya miezi.

Ikaja Alhamisi moja. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuwa wafike kesho yake, na mashine ya kubangulia ilikuwa ikianza na kuzimika, ikianza na kuzimika. Kidawa alikitazama kisanduku chake, akasema kuna waya umelegea chini ya visu, akaenda stoo kutafuta mwingine. Nikaona hapa ndipo pangu. Akirudi akute nimekwisha maliza, kwa mikono yangu, bila kisanduku kuniambia kitu.

Nilishusha mkono wa swichi kuu nikafunga kufuli la wote. Nikazunguka upande wa pili, nikavua makubazi yangu mlangoni mwa mashine. Sisi hatuingii humo na viatu, maana korosho ni chakula cha watu. Nikajipenyeza kwa tumbo mpaka katikati ya visu.

Waya niliuona. Nilikuwa nikiukaza niliposikia, ng'ambo ya ukuta, kufuli likifunguka.

Sikio langu halikosei. Ilikuwa sauti ya kufuli la wote, na ufunguo wangu ulikuwa mfukoni mwangu. Kabla sijapiga kelele nikasikia mkono wa swichi ukisukumwa juu. Ukagonga kitu, ukarudi. Ukasukumwa tena kwa nguvu zaidi, ukagonga. Nilikuwa nimeshikilia kisu kwa mikono yote miwili, kana kwamba ningeweza kukizuia.

"Nani katia kufuli la ubinafsi hapa?" Ilikuwa sauti ya Salumu, mwenye hasira.

"Ni langu," Kidawa alimjibu. "Na silitoi."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, peku, nikajificha nyuma ya magunia mpaka Salumu alipoondoka. Baadaye nilielewa. Kidawa aliporudi kutoka stoo aliyaona makubazi yangu. Anayajua, ukanda mmoja nimeushona kwa waya wa shaba. Hakuita, hakuuliza, alikwenda moja kwa moja kwenye swichi akatia kufuli lake jekundu juu ya lile la wote.

Salumu alipeleka mashtaka: amevunja azimio, amechelewesha uzalishaji siku moja kabla ya wageni. Jumatatu mkutano ukaitishwa. Jambo lilikuwa wazi: akikutwa na hatia anaondolewa kwenye mitambo, anapelekwa kuchambua korosho. Na mimi narudishiwa kabati langu.

"Ndugu Kidawa," Tawakali alisema, "unadai kulikuwa na mtu ndani. Nani?"

Nilikuwa mstari wa mbele. Kidawa alitazama makubazi yangu miguuni, kisha akatazama pembeni.

"Aliyekuwa ndani anajijua, Ndugu Mwenyekiti. Ni mtu ninayemheshimu. Siwezi kumtaja."

Minong'ono ikaanza. Tawakali akauliza nani anaunga mkono aondolewe, na mikono ikaanza kunyanyuka. Ningenyamaza tu, yote yangekwisha. Lakini nilimtazama yule msichana amesimama pale, anakubali kupoteza kila kitu ili kunifichia aibu yangu, na wivu ulinipanda kuliko siku zote. Alikuwa amenishinda umeme. Alikuwa ameniokoa roho. Sasa alitaka kunishinda na ungwana pia.

Nikasimama. "Ni mimi niliyekuwa ndani. Na ni mimi niliyetaka kufuli la wote. Bila lile jekundu mngekuwa mmenizika Ijumaa."

Watu walinisifu kwa ukweli wangu. Tawakali alinishika bega. Sikuwaambia nimesema kwa sababu gani. Azimio likafutwa, makufuli ya rangi yakarudi, na mwezi uliofuata Kidawa akafanywa Fundi Mkuu.

Jioni ile nilikwenda kwenye banda la kuku, nikafungua kufuli la kijani, nikalifuta mavi kwa kanzu kuukuu. Biasha alisimama mlangoni.

"Na kuku tutawafungia nini?"

"Kamba," nilisema.

Siku hizi, kila tunapoingia ndani ya mashine pamoja, kufuli langu linakaa karibu na lake kwenye mkono wa swichi. Lake lipo kabla ya langu kila mara, hata niwahi namna gani, na bado naumia.