Tangazo la Kulala

Bernadeta alikuwa amehudumia abiria angani kwa miaka kumi na mmoja, na kitu alichokiogopa kuliko dhoruba ni ndege iliyosimama. Ikiwa juu, kila mtu hutulia na hofu yake. Ikiwa chini, milango imefungwa, watu huanza kudai maji, choo, hewa na maelezo, na haki wanayo.

Asubuhi hiyo, uwanjani Mwanza, walikuwa wameshafunga mlango, tayari kwenda Dar na abiria sitini na wanane, wingu lilipotoka ziwani. Kwa mbali lilifanana na moshi wa majani yanayochomwa. Lilipofika likawa ni wadudu wa ziwani, wale wadogo laini wasiouma, mamilioni kwa mamilioni. Wakafunika madirisha mpaka ndani kukawa na giza la magharibi, saa tatu asubuhi. Kwenye bati la ndege walisikika kama mchele unaomwagwa polepole, usiokwisha.

Kapteni Alexander alizima injini. "Tusubiri lipite," alimwambia Bernadeta kwa simu ya ndani. "Umeme wa taa na feni tunapata kwenye ile mashine ya nje, jenereta ya uwanja."

Saa nzima Bernadeta na mwenzake Pius waligawa maji. Roza, mama mwenye mtoto mchanga, walimhamishia kiti cha mbele apate nafasi. Mfanyabiashara mmoja wa Igoma, Mashimba, aligomba kwa niaba ya wote. Bernadeta alimsikiliza, akamweleza alichokijua, kisha akaenda kukaa nyuma. Kichwa kilikuwa kinamgonga.

Ndipo kelele zikaanza kupungua. Mashimba alinyamaza katikati ya sentensi. Mtoto wa Roza, aliyelia tangu mlango ufungwe, alikata kilio kama redio iliyozimwa.

Pius alikuja akitabasamu, macho mazito. "Dada, umewaweza. Tangazo lako limewatuliza."

"Tangazo gani?"

"Hilo la sasa hivi. Wafungue mikanda, wafumbe macho, wasihangaike tena. Umelisema vizuri, kama mama."

Kipaza sauti kilikuwa mbele. Yeye hakuwa amenyanyuka kitini kwa robo saa.

Alisimama, akapita katikati akishika migongo ya viti asianguke. Mikanda yote ilikuwa imefunguliwa. Kila kichwa kilikuwa kimeinamia upande wa dirisha, kama watu wanaonong'onezwa. Katika safu ya nne, mama mmoja wa Kijaluo aliyetoka Mara, jina lake Amondi, alikuwa amekaa wima, ameng'ata kidole chake mpaka kinatoka damu.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Sauti yako imetuambia tulale, mwanangu," alisema Amondi. "Lakini nimekutazama kule nyuma, mdomo wako umefungwa. Usingizi wa kuamrishwa mimi siutaki."

Bernadeta alimtikisa Mashimba. Hakuamka. Mtoto wa Roza alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Akakimbilia simu.

"Kapteni, hewa ya humu si nzuri. Naomba nifungue mlango."

"Bado dakika kumi."

"Watu hawaamki, Kapteni."

"Bado dakika kumi," alijibu, kwa sauti ileile ya upole, kama anayeota.

Bernadeta hakuuliza mara ya tatu. Mapangaboi ya injini yalikuwa hayazunguki, hilo alikuwa na hakika nalo. Alizungusha mkono wa mlango, akausukuma kwa bega, ngazi yake ikashuka nje. Wadudu wakaingia kama maji, mdomoni, puani, ndani ya kola. Nyuma yao ikaingia hewa.

"Amkeni!" alipiga kelele. "Acheni mizigo, tokeni!" Alimpiga Pius kofi, akamtuma afungue milango ya nyuma. Amondi alimfunga mtoto ndani ya kanga yake, akateremka naye kwanza, huku akimvuta Roza mkono. Luhende, fundi aliyesimamia ile mashine ya umeme, aliwaona watu wakitambaa kwenye lami, akaizima bila kuambiwa. Kisha akapanda na wenzake, wakabeba waliobaki, na Kapteni akiwemo.

Mtoto alilia dakika chache baadaye. Bernadeta alikaa chini palepale.

Hakufa mtu, ingawa Mashimba alilazwa siku mbili. Ilijulikana kwamba wadudu walikuwa wameziba njia za hewa, na gesi ya sumu ya moshi wa mashine, ile isiyo na harufu, ikaingia ndani. Daktari alisema kichwa kilichokosa hewa husikia mengi. Lakini aliwahoji abiria mmojammoja, na wote walirudia maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Hilo aliliandika, hakulieleza.

Amondi hakupanda tena ndege. Alikwenda stendi ya Buzuruga kutafuta basi.

Wengine waliondoka alasiri kwa ndege nyingine. Bernadeta angeweza kubaki, ila hakutaka wahudumiwe na watu wasiowajua. Matangazo alimwachia Pius. Baada ya kupaa alipita kuwauliza kama wanahitaji maji, wakamjibu kwa kutikisa kichwa tu, wakimtazama mdomo. Mpaka magurudumu yanagusa ardhi ya Dar, hakuna abiria hata mmoja aliyefumba macho.