Ushauri wa Serikali

Falis hakutoa salaam. Aliingia ofisini Isiolo akiwa na vumbi la kwao Biliqo mpaka kwenye nyusi, akampita askari wa mlangoni, akasimama mbele ya meza ya Mutembei, karani na mkalimani wa ofisa wa serikali.

"Ni wewe ulikuja kutusomea barua?"

"Ni mimi, mama."

"Ulisema serikali inatushauri tuingize mifugo kambini. Bwana yangu Hirbo akasema, ushauri mtu anasikia, anafikiria, nyasi ikiisha anaenda. Ijumaa jeshi ilikuja kisimani. Wakamaliza ngamia yote. Wakapiga Hirbo risasi akiwa ameshika ndoo." Alipiga meza kwa kiganja. "Nyinyi huku mnaita hiyo ushauri?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Mutembei aliikumbuka barua ile neno kwa neno, maana aliipiga taipu mwenyewe. "Advised," ilisema. Shule ya misheni alichapwa viboko mpaka akayashika maneno: "advise" ni kushauri, "order" ni kuamuru, "forbid" ni kukataza. Na alivyojivunia kutoyachanganya! Mjinga mkubwa. Kumbe Kiingereza cha ofisini kinakuomba samahani huku kimeshakukanyaga.

Mezani palikuwa na barua nyingine, ya kusomwa Kinna mchana huohuo. Akaibeba mpaka kwa ofisa.

"Bwana, hapa pia ni 'advised'. Wasipoingia kambini?"

"Watahesabiwa shifta, waasi. Watapigwa."

"Basi hiyo ni amri. Tuandike 'ordered'."

"Ndiyo niweke sahihi yangu chini yake?" Ofisa alicheka. "Kazi yako ni kutafsiri, Mutembei, si kusahihisha. Soma kilichoandikwa."

Njia nzima ndani ya Land Rover Mutembei alikuwa na hasira. Alimchukia ofisa aliyeketi mbele, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Kinna, watu walikuwa wamekalishwa juani. Mutembei alikunjua karatasi, kisha akaikunja tena.

"Mnaamriwa," alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye, "kuingia kambini na mifugo kabla ya Jumatano. Barua inasema ni ushauri. Ni uongo! Atakayebaki nje atapigwa risasi, yeye na ngamia wake. Watu wa Biliqo niliwaambia ni ushauri, na mtu amekufa."

Makelele yakalipuka. Wazee waliinuka, wanawake wakakimbilia nyumba zao. Ofisa alimnyang'anya karatasi.

"Utarudi Isiolo kwa miguu," alisema. "Na ukifika, ofisini kwangu usikanyage."

Gari likaondoka.

Hakuna aliyemshukuru. Wangemshukuru kwa lipi, naye amewaletea seng'enge ya kambi? Mwanamke mmoja aliyekuwa akibomoa nyumba yake, mikeka tayari chini, alimtazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Unasimama tu? Kuja hapa. Shika hii kamba."

Ngamia alikuwa akinguruma, hataki kupiga magoti apakiwe. Mutembei alivua koti, akashika.

"Vuta," mwanamke akasema.

Akavuta.