Kuku wa Mwalimu Anselmi

Magreth alikuwa amejiapiza: leo hashuki mlimani bila Mwalimu Anselmi. Kule kwake Bigwa kitanda kilishatandikwa, na bodaboda alikuwa akiwasubiri pale barabara inapokomea. Lakini mzee yule mbishi! Hakujaliwa mtoto, mkewe kafariki, kikohozi kinamtesa, na bado anatikisa kichwa.

"Sitaki kuwa mzigo wa mtu. Nitabaki na kabichi zangu."

Kabichi gani? Shambani yalikuwa magugu matupu. Magreth alitazama jiko lililopoa, roho ikamuuma.

Jiko lilelile! Yeye na wenzake walipokuwa darasa la sita walikuja hapa kuchukua kazi ya Kiingereza, maana Mwalimu Anselmi hakufundisha kwa chaki peke yake. Siku ya kujifunza look after, mwenzao Oscar alisimama kwa madaha akatafsiri, "Tazama baada!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Ni kutunza," alisema. "Mtoto, mgonjwa, mche. Chochote kinachoweza kukufia mikononi."

Kisha akawagawia vya kutunza. Wengine walipata miche ya kahawa. Magreth, yatima aliyelelewa na bibi yake, akapewa kuku mwekundu. Sentensi yake ya look after isingepata tiki mpaka kuku arudi mzima.

Jamani, raha ya siku zile! Alimchimbulia mchwa, akamlaza uvunguni, akamwimbia kama mtoto mchanga. Kumbe kicheche naye alikuwa na hesabu zake. Asubuhi moja yakabaki manyoya tu. Magreth alilia hadi sauti ikamkauka. Mwalimu alimfuta machozi, akaandika kwenye daftari lake: Rudia. Kabla hajarudia, bibi akafariki, naye akachukuliwa na shangazi yake mjini.

Sasa alivuta kigoda karibu na mzee.

"Mwalimu, sentensi yangu ya look after hukuitia tiki mpaka leo."

"Sentensi ipi, mwanangu?"

"Ya kuku."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Magreth akamshika mgongo, akahisi mifupa mitupu chini ya shati. Machozi yakamtoka.

"Uliniambia nirudie. Nimekuja kurudia, Mwalimu. Usininyime."

Mwalimu Anselmi aliangalia majivu jikoni.

"Huko Bigwa," aliuliza hatimaye, "vicheche wapo?"

"Mlango una komeo, Mwalimu."

Mzee akapapasa ukutani, akitafuta fimbo yake ya kutembelea.