Hodi Tatu Ukutani

Mambo haya yalitokea mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne, katika majira ya baridi, wakati mshonaji mmoja alipokuwa hajatimiza mwaka katika mji wa ugenini.

Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa kurekebisha makoti katika duka moja kubwa, na aliupenda mji ule kama mtu apendavyo nguo aliyojishonea mwenyewe. Alipenda kushuka ngazi asubuhi na kupokewa na harufu ya mikate kabla ya kupokewa na mtu yeyote. Muoka mikate wa ghorofa ya chini alimkabidhi mkate wa moto uliofungwa kwa karatasi, naye akaubana kwapani ukawa jiko lake hadi kazini. Alipenda benchi moja la bustani ambalo jua lililifikia mchana tu, tena kwa muda mfupi, kama jamaa mwenye haraka.

Lakini zaidi ya yote alipenda hodhi lake la kuogea. Nyumbani kwao waligombea bafu moja watu chungu nzima, na kila aliyechelewa kutoka alipigiwa kelele kwamba amezama. Hapa alikuwa na bafu lake peke yake, lenye hodhi jeupe la miguu ya chuma, na juu yake hita ya gesi iliyowaka mwali wa buluu kila alipofungua bomba. Jumapili adhuhuri alijaza maji, akajilaza humo mpaka vidole vikakunjamana.

"Nikifunga mlango wangu," alimwambia dada yake kwa simu ya pale kwa muoka mikate, "hakuna ajuaye kama nimo au simo."

"Na hilo ndilo linalokufurahisha?"

"Dada, hujui utamu wake."

"Mimi mwili umenisisimka tu," dada akasema. "Haya, vaa soksi."

Aliyemharibia utamu huo alikuwa Bi Hodi, ajuza aliyekaa upande wa pili wa ukuta. Jina hilo alipewa na jengo zima, kwa kuwa kila asubuhi na kila jioni aligonga ukuta mara tatu kwa kifundo cha kidole, akangoja kujibiwa tatu. Asipojibiwa, aligonga tena. Mshonaji alijibu majuma ya mwanzo kwa adabu, kisha shingo upande, kisha akatia pamba masikioni. Alikuwa amevuka nchi kadhaa ili asiulizwe yuko wapi. Sasa alikuwa akiulizwa na ukuta.

Siku moja walikutana ngazini.

"Malkia wa Hodhi," Bi Hodi akamwambia, "mbona hunijibu?"

"Bibi, nisamehe. Nachoka. Nikiwa hai nitakuwa hai hata usiponigongea."

"Mwenzako aliyekaa chumba hicho kabla yako alisema hivyo hivyo. Mpiga taipu, msichana mstaarabu, hana kelele. Akanikataza, nikanyamaza. Mkate wake ulikaa mlangoni hata ukaota ukungu, na sisi sote tukiuruka tukisema, huyu naye kasafiri."

"Aliugua nini?"

"Nani ajuaye? Hatukuuliza alipokuwa akiweza kujibu."

Mshonaji alijifanya kucheka, akapanda ngazi. Usiku ule aliutazama ukuta kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

Baridi ilipozidi, upepo ulianza kumfuata hadi bafuni. Ulipenya ukingoni mwa dirisha, na zaidi ulishuka kutoka katika tundu la hewa lililokuwa ukutani, juu ya hita. Mshonaji hakuwa mtu wa kuvumilia mwanya wowote. Alikusanya vipande vya makoti, akashona mfuko mrefu mwembamba, akaujaza pamba, akauchomeka ukingoni mwa dirisha. Kwa ajili ya tundu alishona kimto cha mraba, akakipima na kukipunguza hata kikaenea barabara, kama kifungo katika tundu lake. Alirudi nyuma hatua mbili akakitazama. Alikuwa hajapata kushona kitu kilichokaa vizuri namna ile.

Hapo likamjia wazo lililoonekana kuwa la werevu. Alishona vizibo vingine, akavipeleka kwa Bi Hodi, akamwekea yeye mwenyewe bafuni, maana vyumba vyao vilifanana kama kiatu cha kushoto na cha kulia.

"Lo! Upepo umekatika kabisa," Bi Hodi akasema huku akiupitisha mkono hewani. "Nikulipe nini, mwanangu?"

"Usinilipe kitu. Nipumzishe tu na hodi zako."

Ajuza alikitazama kile kimto kilivyokaa tunduni, kisha akamtazama mshonaji.

"Umeninunua kwa pamba," akasema. "Haya. Nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza. Asubuhi iliyofuata mshonaji aliamka, akakuta kimya kimetanda upande wa pili wa ukuta, akanyoosha miguu kwa raha. Alikwenda kuchukua mkate wake, akala nusu yake njiani. Maisha yalikuwa yamekamilika.

Jumapili ya kwanza alitoka bafuni na kichwa kinachogonga. Alisema ni kazi ya sindano. Ua alilolipanda katika kopo, kando ya dirisha la bafu, lililegea shina, akalimwagilia. Jumapili ya pili aliona mwali wa hita umeacha ubuluu na kuwa wa manjano, ukiyumba taratibu, akaona unapendeza kuliko ule wa zamani. Vigae vya juu ya hita vilishika weusi kama wa wanja. Jioni hiyo dada yake alisema katika simu, "Mbona unaburuta maneno kama mlevi?" naye akacheka sana, akasahau anachekea nini.

Jumapili ya tatu aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungua bomba. Alikusudia kulifunga mara hodhi litakapojaa. Alijilaza, akaegemeza kichwa ukingoni, na usingizi ukamchukua, mtamu, mzito, usio na ndoto. Maji yakajaa, yakafurika, yakapita chini ya mlango, na hita juu yake iliendelea kuunguruma.

Mahali fulani, mbali, mtu alikuwa akigonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Alitambua zile ni hodi za nani, na akashangaa kwamba ahadi imevunjwa. Kisha akatambua kwamba hawezi kuinua mkono. Hapo ndipo hofu ilipompata. Alitaka kujibu. Alitaka kujibu kuliko alivyopata kutaka kitu chochote katika mji ule. Mguu mmoja ulitii: aliusogeza, kisigino kikapiga ukuta mara moja. Alikuwa akiitafuta ya pili giza lilipomfunika.

Alizindukia hospitalini, amefunikwa pua na mdomo kwa kifaa cha kumpa hewa safi. Muoka mikate alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, amelowa hadi magotini.

"Maji yaliingia kwa Bi Hodi," akaeleza. "Akagonga, akasikia pigo moja tu. Akaniita, akasema moja si jibu lako. Ama tatu ama hujibu. Tukavunja mlango pamoja. Nimekuleta na gari la mikate."

Daktari akaja akamkagua macho. "Umevuta moshi wa gesi, ule usioonekana wala kunuka. Bafuni mwako hamna tundu la hewa?"

"Limo," mshonaji akasema chini ya kile kifaa. "Nililiziba mimi. Nilishona..."

Aliking'oa kile kifaa usoni.

"Bi Hodi yuko wapi?"

"Nyumbani," muoka mikate akasema. "Nilimwacha akitetemeka kama jani, kalowa chapachapa kwa kukuburuta. Siku zote huoga kwa beseni, lakini leo kasema atafungua hita ajichovye katika maji ya moto."

Daktari alimkataza kuondoka, na alikuwa na haki. Mshonaji aliondoka hivyo hivyo, mkono begani kwa muoka mikate, miguu ikimpotea kila hatua. Barabara alizozipenda zilipita dirishani mwa gari la mikate, bustani, benchi, jua likiwa limeshaondoka. Na katika kila dirisha lililofungwa aliona kimto cha mraba kimekaa barabara.

Ngazini walisikia maji yakitiririka.

Mshonaji aligonga mlango mara tatu. Alingoja kwa pumzi moja, akajua jinsi kungoja kule kulivyo, kisha muoka mikate akauvunja kwa bega lake. Bafuni mwali ulikuwa wa manjano. Mshonaji alifunga gesi, akapasua kioo cha dirisha kwa kiatu, akakichomoa kile kimto tunduni kwa kucha zake mwenyewe. Kilikataa kutoka, alikuwa amekishona vizuri mno. Muoka mikate akamtoa ajuza, akamfunika kwa koti lake lenye unga, wakamlaza barazani penye upepo.

Uso wake ulikuwa mwekundu kwa ile gesi, kama wa mtu mwenye afya. Muoka mikate alishuka mbio kwenda kuita msaada. Mshonaji akabaki amepiga magoti, sikio juu ya kile kifua, akisikia kitu na kukipoteza, akisikia tena.

Kidole cha ajuza kikasogea juu ya sakafu. Kiligonga mara moja. Kikapumzika. Mara ya pili. Ya tatu ilichelewa sana, lakini ilifika.

Mshonaji akagonga tatu, hapo hapo, kando ya kile kidole.

"Hizo ni za leo," Bi Hodi akanong'ona, macho yakiwa yamefumbwa. "Na za nyuma?"

Mshonaji alikunja kidole upya, akainama juu ya sakafu ile ya baridi, akaanza na hodi za asubuhi ile ya kwanza ambayo hakuijibu; tatu tatu, bila kuruka hata moja, huku gari la wagonjwa likisikika kwa mbali.